Mbele ya Kanisa Jeupe

Nyinyi vijana mnaopanda baiskeli huku simu inawaambia kwa sauti nyororo kata hapa, nyoosha pale, nataka mjue kwamba kabla ya hiyo simu nilikuwepo mimi. Msicheke. Mwishoni mwa miaka ya tisini, mimi Saada binti Faki, mzaliwa wa Chake Chake, Pemba, ndiye niliyekuwa nikiwaambia watu wa Washington wakate wapi. Sauti nyororo sikuwa nayo. Nilikuwa na penseli, kifutio, na karatasi iliyokunjwa mara mbili.

Kazi yangu haikuwa na jina. Dukani waliniita mtu wa njia, basi. Lilikuwa duka dogo la baiskeli, linanuka raba na grisi, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka chumba changu cha Columbia Heights. Mwenyewe alikuwa Mzee Doyle, Mmarekani mrefu mwenye goti bovu. Kila Jumapili, kuanzia mwezi wa nne hadi wa kumi, aliwapeleka wateja wake kuendesha kwenye barabara za changarawe za Virginia, upande wa magharibi, zaidi ya saa nzima kwa gari. Kila mpandaji alipewa karatasi ya njia, akaifunga mbele yake kwenye usukani. Karatasi ilimwambia: maili kadhaa, kata kulia, maili kadhaa, panda kilima, hapa pana mbwa, usisimame. Kuiandika ndiyo ikawa kazi yangu mpaka nilipostaafu, na nimeipenda kuliko watu wengi wanavyopenda kazi zao.

Sikuajiriwa kwa hilo. Niliajiriwa kufagia na kupokea simu. Ila baba yangu alikuwa fundi baiskeli Chake Chake, na mimi nimebandika viraka tangu utotoni. Siku moja mteja alileta pancha, fundi hayupo, nikaitengeneza mwenyewe kwa dakika chache na ushungi wangu kichwani. Mzee Doyle akasimama mlangoni akinitazama. Hakunisifu. Aliniuliza tu kama Jumapili nina shughuli.

Hiyo Jumapili nitaikumbuka hadi naingia kaburini.

Nilikuwa nimeshakaa Marekani miaka sita. Marekani niliyoijua ilikuwa lami, lifti, na ile njia panda ya Springfield ambako barabara zinapandana moja juu ya nyingine mpaka hujui ipi iko chini. Niliamini nchi nzima iko hivyo. Basi gari likaacha lami, likaingia changarawe, sauti ya magurudumu ikabadilika, nami nikainua macho. Vilima. Vilima vya mviringo, laini, kimoja nyuma ya kingine hadi macho yanachoka, na barabara nyeupe inapanda na kushuka juu yake. Kuta za mawe zilizopangwa bila saruji, na farasi wamesimama kimya kwenye ukungu. Ilikuwa Pemba kabisa, isipokuwa mikarafuu haipo.

Nilimwomba Mzee Doyle asimamishe gari. Nikavua viatu nikasimama juu ya kokoto. Niligundua kwamba kwa miaka sita nilikuwa sijakanyaga ardhi ya Mungu, nimekanyaga sakafu tu. Nililia, siwafichi. Mzee wa watu akadhani naumwa. Aliponiona nacheka na kulia kwa pamoja, akaniambia kwamba baadhi ya barabara hizi zilikuwepo kabla ya nchi yao kuwa nchi, watu walipitisha mikokoteni ya ngano kwenda kusaga, na hakuna aliyeona sababu ya kuziwekea lami. Nilishangaa, na mshangao wenyewe haujaniisha. Hata leo nikipita huko hunyamaza kwanza.

Kupanda baiskeli nilijifunza nikiwa na miaka arobaini. Kwetu, binti wa fundi aliruhusiwa kutengeneza baiskeli, kuipanda ni kioja. Nilijifunza kwenye maegesho ya nyuma ya duka, suruali chini ya gauni, kofia ngumu juu ya ushungi. Fundi wetu, Mutiso, alinishika kiti kwa nyuma na kunikimbiza. Mutiso alikuwa Mkamba wa Machakos, mcha Mungu, mtu wa kwaya, anakaa mbali kule Germantown. Tulibishana kuhusu kila neno. Njia ya kokoto yeye aliita murram, mimi nikaita kifusi, na kila mmoja alimwona mwenzake hajui Kiswahili.

Sasa ngojeni niwape mambo mawili matatu ya kazi, maana simu zenu haziwaambii. Kwenye changarawe usijaze upepo sana. Bonyeza tairi kwa kidole gumba, likikubali kidogo, hapo hapo. Tairi gumu linaruka juu ya kokoto na wewe unaruka nalo. Ukishuka kilima, breki ya nyuma ndiyo rafiki yako, ya mbele iguse tu, na usikate kona huku umefunga breki. Ukikutana na farasi mwenye mtu mgongoni, simama na useme neno. Farasi akikuona bila sauti anakudhania mnyama asiyemjua. Akisikia unaongea anatambua kwamba ni mtu tu. Mimi niliwasalimia kwa Kiswahili, na sijaona farasi wa Virginia aliyekataa shikamoo.

Na kuandika njia kuna adabu yake. Karatasi yangu ya kwanza niliandika "kata kushoto penye ng'ombe watatu weusi". Nilikuwa nimepita pale Jumanne, ng'ombe wapo, wametulia, nikaona ni alama nzuri. Jumapili ng'ombe walikuwa kwenye malisho mengine na wateja wakaenda nao. Mzee Doyle alicheka mpaka akakaa chini barabarani, kisha akanipa sheria ambayo nawapa na nyinyi: andika kisichoweza kuondoka. Ukuta wa mawe, daraja, ghala, kanisa. Tangu hapo nikajiona nimehitimu, na huko kujiona ndiko kulikoniponza.

Kulikuwa na mteja wetu mmoja, Bi Helen, mwalimu mstaafu, mwanamke mwembamba wa miaka sitini na kitu. Alikuwa wa mwisho kila Jumapili na hakuona haya. Wenzake walimfuata Mutiso aliyetangulia. Karatasi zangu walizifunga kwenye usukani kama pambo, hawazisomi. Bi Helen alisoma. Alisimama kwenye kila kona, akavaa miwani, akaweka kidole kwenye mstari, akaangalia barabara, ndipo akakata. Nilimpenda kwa hilo. Mwandishi yeyote, hata wa karatasi ya njia, anampenda anayemsoma.

Asubuhi ya Jumapili ninayotaka kuwasimulia alinivuta pembeni kabla hawajaondoka. Aliniambia ana kisukari, anajidunga sindano ya insulini, na safari ya leo ni ndefu kuliko alivyozoea. Chakula chake na maji yake ya matunda aliviweka kwenye gari, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiendesha gari la chakula na kuwasubiri njiani. Saa sita lazima ale. Asipokula, sukari itashuka, ataanza kutetemeka, halafu akili itapotea, halafu hatajua hata anaitwa nani. Alisema haya kwa utulivu kabisa. Akaniomba nisimwambie mtu, hakutaka kuonewa huruma. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, saa sita atanikuta.

Njia ya siku hiyo ilikuwa mpya, kazi yangu mwenyewe toka mwanzo. Niliipima mara mbili, nikaiandika kwa Kiingereza changu, na Ijumaa nikampa Mutiso aikague. Aliikagua mstari kwa mstari. Akasema iko sawa.

Saa sita nilikuwa nimeshatandika chakula kwenye kituo chetu, uwanja mdogo kando ya ghala la mawe. Mutiso akaingia na kundi la mbele, vumbi mpaka kwenye nyusi, wanacheka. Wakaja wengine wawili wawili. Mwisho akaja Mzee Doyle, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa nyuma ya wote. Nikamuuliza Bi Helen yuko wapi. Akashangaa. Alikuwa amesimama kumsaidia mtu mwenye pancha, Bi Helen akamwambia atatangulia polepole, na yeye, akifuata alama za matairi ya wengi, hakumpita njiani, kwa hiyo alidhani ameshafika.

Niliuona mfuko wa chakula cha Bi Helen ukiwa juu ya kiti cha gari. Nikaunyakua. Nikawaambia wote kuhusu ugonjwa wake, ahadi au si ahadi.

Mutiso akachukua karatasi yangu akaisoma tena kwa sauti, mimi nikiwa nimesimama karibu naye. Hakuna kosa. Tulifika kwenye mstari wa kanisa jeupe la mbao, akaupitisha kidole.

"Hii iko sawa, Bi Saada," alisema. "Tulipita hapo kanisani, tukaenda mbele kidogo, tukachukua right, tukavuka kale kariver. Si ndivyo umeandika?"

Nikasema ndivyo nilivyoandika. Mutiso akabaki na wateja, mimi na Mzee Doyle tukarudi na gari, tukiifuata njia kinyume, tukitazama mitaro yote miwili. Hatukumwona. Simu za mkononi za wakati ule huko vilimani zilikuwa mzigo tu. Tuliuliza kwenye nyumba mbili, na hakuna aliyemwona mwanamke mwembamba kwenye baiskeli ya kijani.

Tulipofika kwenye kanisa Mzee Doyle akaniambia nisimame. Alishuka, akavaa miwani, akaishika karatasi kwa mikono miwili jinsi Bi Helen alivyokuwa akiishika. Akatembea taratibu hadi mbele ya mlango wa kanisa. Pale, mkabala na mlango, palikuwa na kijia cha changarawe kinashuka kulia kati ya miti. Mimi nilikipita mara mbili nikipima na sikukiandika, kwa kuwa hakikunihusu. Akakinyooshea mkono.

"Hapa," alisema. "Umesema hapa."

Nikamwambia hapana, sikusema hapo. Nilisema mbele ya kanisa. Nikaonesha kule nilikokusudia, njia panda iliyo hatua mia mbili baada ya kanisa. Mzee Doyle akanitazama, akaitazama karatasi, akanisomea maneno yangu mwenyewe kwa Kiingereza: turn right in front of the white church, yaani kata kulia mbele ya kanisa jeupe.

Wanangu, hapo ndipo nilipoelewa. Sisi tukiwa safarini tukisema mbele ya kanisa, mara nyingi tunamaanisha unalipita kanisa, unaendelea mbele, ndipo unakata. Mbele ni huko uendako. Kwa Mzee Doyle na Bi Helen, mbele ya kanisa ni pale uso wa kanisa ulipo, penye mlango. Nilikuwa nimeandika Kiswahili kwa maneno ya Kiingereza. Na niliyempa akague ni Mutiso, aliyekagua kwa Kiswahili kile kile. Tumebishana miaka juu ya murram na kifusi, halafu neno moja ambalo tungepaswa kubishania tulikubaliana.

Tukashuka na gari kwenye kile kijia. Barabara yenyewe ilikuwa nzuri, Mungu anisamehe kwa kuona uzuri wakati ule. Miti ilikutana juu, jua linapenya vipande vipande kwenye changarawe, na alama ya tairi moja jembamba ilikuwa imechorwa mbele yetu bila kuyumba. Ilishuka mpaka kwenye kijito, ikaingia majini. Daraja halikuwepo. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili kabla na maji yalikuwa ya udongo, yanakwenda kwa haraka, yananifika magotini na zaidi.

Hapo nikaona kosa langu la pili. Mstari uliofuata kwenye karatasi ulisema "vuka mto". Kwenye njia yangu halisi kuna daraja zuri la mbao, lakini sikulitaja daraja, niliandika vuka mto basi. Kwa hiyo kila mtu aliyekata pale kanisani angeukuta mto na kuamini yuko sawasawa. Karatasi yangu ilimpoteza, kisha ikamhakikishia hajapotea.

Mzee Doyle na goti lake asingeweza. Nikafunga gauni kiunoni, nikaweka mfuko wa chakula kichwani, nikaingia. Kokoto zilikuwa zinateleza chini ya miguu. Nilikuwa naomba dua kwa sauti na kumwita Bi Helen kwa sauti, nachanganya vyote viwili, sijui Mungu alielewa nini. Nikatokea ng'ambo, nikaiona ile alama ya tairi, safari hii na nyayo za mtu kando yake. Alikuwa amevuka akiikokota baiskeli. Nikakimbia.

Nilimkuta kwenye kona, ameegemea shina la mti, miguu ameinyoosha, viatu vimelowa. Mdomo wake, kidevu na vidole vyote vilikuwa vyekundu vya kukolea. Nilidhani ni damu. Nilipiga magoti nikamshika uso, nikatafuta jeraha, silioni, mpaka nilipotambua kwamba ardhi yote pale ilikuwa imejaa forsadi zilizoiva, matunda ya ule mti, na yeye alikuwa anazila moja moja, polepole sana, kila moja akiitafutia mdomo kama mtoto mdogo. Alikuwa anatetemeka mwili mzima. Nilimwita jina, akachelewa kugeuka.

Nikamnywesha yale maji ya matunda, nimemshika kichwa. Nikammegea mkate. Baada ya muda ambao siwezi kuupima, mikono yake ikatulia, macho yakarudi kuwa ya mwalimu. Akatoa kipimo chake mfukoni, akajichoma kidole, akasoma namba, akaitikia kwa kichwa kwamba sasa inatosha.

Ndipo nikaanza kuomba radhi. Nilimweleza yote, mbele yetu na mbele yao, daraja ambalo sikulitaja. Nililia tena. Nikamuuliza kwa nini hakurudi alipoona hakuna daraja, mtu mwenye akili zake, mgonjwa, na maji vile.

Bi Helen aliniangalia kana kwamba nimeuliza jambo la ajabu.

"Uliandika vuka," alisema. "Nikavuka."

Vijana wangu, nimesifiwa mara nyingi katika kazi hii na nimegombezwa mara nyingi zaidi. Hakuna neno lililonipiga kama hilo. Nilikuwa nimejiona mtu wa kuchora vilima kwenye karatasi. Kumbe upande wa pili wa karatasi kuna mtu anayeingia majini kwa sababu mimi nimesema. Nilimtazama yule mama mwenye mdomo mwekundu nikashikwa na mshangao mkubwa kuliko ule wa siku ya kwanza niliyoviona vilima, na hofu ndani yake.

Tulivuka naye kurudi, mimi upande wa juu wa maji, yeye amenishika mkanda, kisha nikarudi kuchukua baiskeli. Mzee Doyle alimkumbatia. Tukapanda na gari hadi kanisani. Bi Helen akakaa kwenye ngazi za kanisa karibu saa nzima, akala chakula chake chote na cha kwangu pia, akajipima tena. Mzee Doyle akafungua mlango wa gari ili tumpeleke. Akakataa. Alisema amelipia kuendesha, na kilichobaki ni maili tisa. Walibishana pale, na mzee akashindwa. Wakakubaliana kwamba mimi nitakuwa nyuma yake na gari, hatua kwa hatua.

Nikachukua karatasi yake iliyolowa. Nikalaza karatasi mpya juu ya boneti, nikaandika upya njia yote iliyobaki, herufi kubwa. Nikaandika lipite kanisa. Nikaandika nenda hatua mia mbili. Nikaandika kata kulia kwenye njia panda, vuka mto kwa daraja la mbao. Nikampa, na moyoni nilijua kwamba mtu yeyote mwenye busara angeniuliza sasa una hakika, au angemgeukia Mzee Doyle aithibitishe.

Bi Helen akavaa miwani. Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akasoma hadi mwisho. Akaifunga kwenye usukani, akapanda, akalipita kanisa, na kwenye njia panda akakata kulia bila kugeuka kunitazama.